MAX PERUTZ: MKIMBIZI ALIYELICHORA UMBO LA DAMU

Chama chetu cha Kiswahili kilituagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia. Wenzangu wengi wamemkimbilia Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza na Dedan Kimathi, na sina ubishi nao. Lakini mimi nimemchagua mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia: Max Ferdinand Perutz, mwanasayansi aliyetumia miaka 22 kulitafuta umbo la kitu kimoja ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona. Kitu chenyewe kimo ndani ya kila mmoja wetu, na hata ndani ya mamba wa Ziwa Turkana. Naomba msinicheke bado. Nisomeni kwanza.

Max Perutz alizaliwa tarehe 19 Mei 1914 katika mji wa Vienna, nchini Austria. Jamaa zake walikuwa matajiri wenye viwanda vya kusokota nyuzi na kufuma nguo. Kwa asili walikuwa Wayahudi, ingawa Max alibatizwa Mkatoliki. Wazazi wake walimtakia asomee sheria ili aje kuisimamia biashara ya ukoo. Lakini huko shuleni mwalimu mmoja alimtia hamu ya kemia, na hamu hiyo haikumtoka tena. Mwaka 1932 aliingia Chuo Kikuu cha Vienna akasomea kemia badala ya sheria. Sisi wa kidato cha tatu tunajua uzito wa uamuzi kama huo, kwani ndio wakati wetu wa kuacha masomo fulani na kubaki na mengine, na kila mtu nyumbani ana la kusema.

Mwaka 1936 baba yake alimpa pauni 500, akasafiri hadi Cambridge, Uingereza, kusomea utafiti chini ya J. D. Bernal. Mwaka uliofuata, akiwa mjini Prague, alizungumza na Felix Haurowitz, mtaalamu wa damu aliyekuwa amemwoa binamu yake. Mazungumzo hayo yalimwelekeza kwenye himoglobini. Hapo ndipo maisha yake yalipopata njia.

Himoglobini ni nini? Ni ile protini iliyomo katika chembechembe nyekundu za damu. Ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Ndani yake mna madini ya chuma, na ndiyo sababu damu ni nyekundu. Tukifundishwa darasani tunaandika hivyo, tunapata alama zetu, basi. Perutz hakuridhika. Yeye aliuliza: ina umbo gani? Inaishikaje hewa mapafuni, na kwa nini inaiachilia mguuni?

Pengine utasema, umbo lina kazi gani? Hebu chukua yai. Ute wake ni maji maji na unapenyeza mwanga. Ulichemshe, ute ule ule unakuwa mweupe na mgumu. Hukuongeza kitu wala hukupunguza kitu. Protini ni zile zile, ila umbo lake limeharibika, na hata ukilipoza yai hilo halirudi kuwa bichi. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Mnyororo huo hujikunja kwa namna maalumu, kama vile mama zetu wanavyochukua ukili mmoja mrefu wa majani ya mkoma, wakaukunja na kuushona ukawa kikapu. Ukiufumua, una ukili tu. Hauwezi kubebea mahindi. Vivyo hivyo, protini isiyo na umbo lake haifanyi kazi yake.

Sasa utaonaje umbo la kitu kidogo namna hiyo? Hakuna darubini ya mwanga inayoweza. Perutz alitumia fuwele. Fuwele ni kitu ambacho molekuli zake zimejipanga safu kwa safu kama sisi tukiwa gwarideni. Chumvi na sukari ni fuwele. Alipewa fuwele za himoglobini ya farasi, akazimulika kwa miale ya eksirei. Miale ikipita ndani ya fuwele hutawanyika, ikaacha nukta nyingi mno kwenye filamu. Nukta hizo zina habari za umbo, lakini ni nusu ya habari. Filamu inaonyesha ukali wa kila nukta, ila haisemi mawimbi ya miale yalipishana vipi yalipofika. Bila nusu ile ya pili, picha haiundiki. Wengi walimwona kama mtu anayejaribu kuhesabu mchanga wa Suguta.

Kabla hajafika popote, dunia ilimgeuka. Machi 1938 Hitler aliitwaa Austria. Mali ya ukoo wao ikanyang'anywa, wazazi wake wakakimbia, na mwaka 1939 wakafika Uingereza mikono mitupu. Kijana aliyeondoka kwao mwanafunzi mwenye karo mfukoni, akawa mkimbizi asiye na nchi. Bahati yake ni kwamba Lawrence Bragg, mkuu mpya wa maabara ya Cavendish, alizipenda zile picha za nukta, akamtafutia ufadhili kutoka Rockefeller.

Balaa haikuishia hapo. Mei 1940, Waingereza walipoogopa kuvamiwa, waliwakamata wageni wengi waliotoka upande wa adui. Perutz naye alikamatwa, ingawa alikuwa amemkimbia Hitler huyo huyo. Akatiwa kizuizini, kisha akapakiwa melini hadi Kanada. Kule kambini hakukaa akilia. Pamoja na wenzake walianzisha chuo chao nyuma ya seng'enge, kila aliyejua kitu akawafundisha wengine. Baadhi ya wenzake wa kambi ile, kama Hermann Bondi na Thomas Gold, baadaye walikuwa wanasayansi wakubwa. Januari 1941 alirudishwa Uingereza.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha. Serikali iliyomfunga kama adui sasa ilimwita kwa siri aisaidie vitani. Alikuwa amewahi kuichunguza barafu ya milima ya Uswisi, kwa hiyo akaombwa kusaidia mpango wa kujenga meli kubwa ya barafu ambayo ndege zingetua juu yake katikati ya bahari. Alifanya majaribio ndani ya chumba baridi chini ya soko la nyama la Smithfield, London, akichanganya barafu na rojo la mbao ili iwe ngumu. Meli yenyewe haikujengwa kamwe. Lakini 1943 Perutz alipewa uraia wa Uingereza. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwoa Gisela Peiser, naye mkimbizi kama yeye, na wakajaliwa watoto wawili.

Vita vilipokwisha alirudi kwa farasi wake. Mwaka 1947 baraza la utafiti wa tiba la Uingereza lilimpa kikundi kidogo mjini Cambridge, yeye na John Kendrew. Kendrew alishika myoglobini, protini inayoweka akiba ya oksijeni ndani ya misuli. Aliitoa kwa nyangumi, mnyama apigaye mbizi ndefu. Perutz alibaki na himoglobini. Walifanya kazi miaka nenda, miaka rudi. Wakati mmoja Perutz alitoa maoni juu ya umbo la himoglobini, akaja kijana katika kikundi chake mwenyewe, Francis Crick, akaonyesha mbele ya watu kuwa maoni yale hayawezi kusimama. Perutz hakumfukuza.

Mwaka 1951 Linus Pauling wa Marekani alitangaza kwamba minyororo ya protini hujisokota kama kamba. Perutz aliudhika kwamba jambo hilo lilimpita. Lakini badala ya kununa alikimbilia maabara. Akachukua unywele wa farasi, akaumulika, akaiona alama moja mpya ambayo ingeonekana tu ikiwa Pauling alisema kweli. Akajaribu mwiba wa nungunungu, akaiona tena. Hivyo akawa mtu wa kwanza kumthibitisha mshindani wake. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu wanaoweza kufanya hivyo, hata baada ya mdahalo wa Ijumaa tu?

Ufunguo aliupata 1953. Alibandika atomu za zebaki kwenye himoglobini bila kuliharibu umbo lake. Zebaki ni nzito, kwa hiyo ilibadilisha ukali wa nukta kwenye filamu. Kwa kuzilinganisha picha zenye zebaki na zisizo nayo, ile nusu ya habari iliyopotea ikaanza kupatikana. Kendrew akaitumia njia hiyo kwa protini yake iliyo ndogo zaidi, akatangulia kumaliza 1958. Septemba 1959, miaka 22 tangu yale mazungumzo ya Prague, Perutz naye akaiona himoglobini yake. Ilikuwa na minyororo minne iliyokumbatiana, miwili ya aina moja na miwili ya aina nyingine.

Lakini ajabu haikuwa hiyo peke yake. Ajabu ilikuja walipoziweka sanamu mbili, ya Kendrew na ya Perutz, wakazilinganisha. Kila mmoja wa minyororo ile minne ya farasi ulikuwa umejikunja takriban sawasawa na myoglobini ya nyangumi! Mmoja anakimbia nchi kavu, mwingine anazama baharini. Protini moja ni ya damu, nyingine ni ya nyama. Hata asidi amino zao ukizipanga ubavu kwa ubavu hazifanani sana, ni kama robo tu zinazolingana. Na bado mkunjo ni ule ule. Maanake ni kwamba zote zina babu mmoja wa kale sana. Maandishi yalibadilika, umbo likabaki.

Sisi huku tunaelewa jambo hili upesi. Mbuzi wawili wanaweza kuwa na rangi tofauti, lakini mchungaji akiiona alama iliyochomwa kwa chuma cha moto anajua ni wa ukoo gani. Mkunjo wa protini ni kama ile alama. Baadaye wataalamu waliuona mkunjo huo huo katika protini za samaki, za wadudu, na hata za mimea. Ng'oa kunde shambani, pasua vile vinundu vya mizizi, utaona wekundu ndani yake. Wekundu huo ni jamaa ya himoglobini yako wewe. Kumbe sisi na kunde tuna undugu!

Mwaka 1962 Perutz na Kendrew walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka huo huo Crick na James Watson, waliokuwa katika kikundi cha Perutz walipovumbua umbo la DNA, walipata ya Tiba pamoja na Maurice Wilkins. Ndipo ikafunguliwa maabara mpya ya baiolojia ya molekuli, na Perutz akawa mwenyekiti wake hadi 1979. Mkewe Gisela aliisimamia kantini. Mkubwa na mdogo walikunywa chai pamoja, na inasemekana mawazo mengi mazuri yalizaliwa kwenye meza zile.

Katika maabara hiyo kazi ya kulinganisha maumbo ilikua ikawa elimu kamili. Mwaka 1976 Michael Levitt, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, na Cyrus Chothia walizigawa protini zilizojulikana wakati huo katika makundi manne. La kwanza ni zenye misokoto mitupu, nayo himoglobini imo humo. La pili ni zile ambazo mnyororo wake umejipanga bapa kama miyaa ya mkeka. Kingamwili zetu ni za kundi hili. La tatu ni zinazopishanisha msokoto na mkeka, msokoto na mkeka. La nne zina vyote viwili, lakini kila kimoja kimekaa upande wake, kama ile protini ya machozi na ute wa yai inayoua bakteria. Hazina ya dunia ya maumbo haya ilianzishwa 1971 ikiwa na protini saba tu. Siku hizi zimepita 200,000, na tarakilishi zimefundishwa kuyakisia mengine. Waliofanya kazi hiyo walipata Nobel ya Kemia 2024. Lakini tarakilishi zisingefundishika bila zile zilizopimwa kwa jasho, na mbili za kwanza ni za Kendrew na Perutz.

Sasa nije kwetu Afrika Mashariki. Daktari mmoja mkimbizi kutoka Ujerumani, Hermann Lehmann, alifanya utafiti Makerere, Uganda, na mwaka 1949 yeye na mwenzake Raper walieleza jinsi hali ya selimundu ilivyoenea nchini humo. Mwaka huo huo Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi yetu. Aligundua kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye chembe hiyo walikuwa wengi, hata kupita watu 20 katika kila 100, ilhali nyanda za juu walikuwa haba mno. Baadaye, 1954, alionyesha sababu: anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Na ugonjwa wenyewe unatoka wapi? Mwaka 1956, katika kikundi cha Perutz, Vernon Ingram aligundua kuwa ni kosa dogo kupita kiasi: asidi amino moja tu imebadilika kati ya 146 za mnyororo. Mwaka 1968 picha ya himoglobini ikiwa wazi zaidi, Perutz na Lehmann waliketi pamoja wakakusanya himoglobini zote zenye kasoro walizozijua, wakaitafuta kila kasoro katika umbo. Wakaona mpango. Kasoro zilizoko nje ya molekuli mara nyingi hazimdhuru mtu. Zilizoko ndani, karibu na chuma, huleta maradhi. Ya selimundu iko nje, lakini imefanya doa linalonata. Himoglobini ikishaachilia oksijeni, hushikana na jirani zake zikawa nyuzi, na chembe ya damu ikapindika kama mundu. Haya ndiyo manufaa ya kujua umbo. Ugonjwa ambao zamani watu waliudhania laana au uchawi, ukapata mahali pake pa kuonyeshwa kwa kidole.

Mwaka 1970 Perutz alieleza pia jinsi molekuli inavyofanya kazi. Oksijeni ikishika, chuma husogea kidogo, na msogeo huo huvuta minyororo yote minne ikageuka umbo. Ni kama molekuli yenyewe inapumua.

Na mamba je? Mamba wa Naili, ndiye huyo aliyejaa Ziwa Turkana, anaweza kuzama zaidi ya saa nzima bila kuvuta hewa. Mwaka 1981 Perutz na wenzake walieleza siri iliyo katika himoglobini yake. Mamba akibana pumzi, mwili wake hutengeneza kaboni dioksidi, nayo huwa bikaboneti ndani ya damu. Bikaboneti hiyo hujibandika kwenye himoglobini na kuilazimisha iitoe oksijeni iliyobaki. Mwaka 1995 watafiti wa maabara ile ile, wakiongozwa na Kiyoshi Nagai, walibadilisha asidi amino chache za himoglobini ya binadamu, nayo ikaanza kuitika bikaboneti kama ya mamba. Mkunjo ni mmoja. Tofauti ni vipande vichache tu.

Perutz hakuwa mtu wa nguvu. Tumbo lilimsumbua miaka mingi na vyakula vingi hakuweza kuvila. Hata hivyo, baada ya kustaafu aliendelea kwenda maabara karibu mpaka mwisho. Alifariki Cambridge tarehe 6 Februari 2002, akiwa na umri wa miaka 87.

Wenzangu, kwa nini nimemchagua yeye? Katika kaunti yetu iko Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, na watu wengi wamezaliwa humo. Nimesikia neno mkimbizi likitumiwa kama tusi, hata uwanjani tunapocheza mpira, kwa mwenzetu ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya mpaka. Na sisi wa Kapedo tunasahau upesi. Mwaka 2014, nikiwa mtoto mdogo, na tena 2021, watu wa hapa walihama makwao na vitanda vikabaki nyuma. Mama yangu alitubeba mimi na mdogo wangu, pamoja na sufuria moja. Siku zile tulikuwa nani? Na daftari zilizobaki nyuma zilikuwa na nini ndani yake?

Perutz anatufundisha kwamba mtu anaweza kuitwa adui asubuhi na mkombozi jioni, na yeye ni yule yule. Waliomfungia kambini hawakujua kuwa wamefungia siri ya damu. Basi tukimwona mwenzetu anakaa peke yake kwa kuwa hana kwao, tumsogezee dawati. Na mkimsikia mtu akisema eti sayansi si ya watu wa huku, mwulizeni mamba wetu. Himoglobini haina kabila. Mkunjo wake ni mmoja kwa Mturkana na Mpokot, kwa mkazi na mgeni, kwa farasi na nyangumi.

Tena mvumilivu hula mbivu. Sisi tukikosa hesabu moja mara mbili tunaitupa kalamu. Huyu alingoja miaka 22. Shime, wanafunzi wenzangu, tuzishike kalamu!